Ukuta wa Udhu na Pima Maji ya Kamati

Mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikiwa yakaribia, kamati ya msikiti wetu hapa Usagara, jijini Tanga, iliamua kuuvika vigae ukuta wa mahali pa kutawadhia. Ukuta huo una urefu wa mita 9, na koki 10 zimetokeza juu yake kwa mstari mmoja. Lipu ya zamani ilikuwa imeota ukungu na kumeguka kwa chumvi, kama zinavyomeguka kuta nyingi za mji huu ulio kando ya bahari. Fedha za kazi zilikuwa sadaka tupu: akina mama wa darsa walichanga, vijana walichanga, na mzee mmoja alileta bahasha akaomba jina lake lisitajwe. Tulimwita fundi, muumini mwenzetu anayeswali safu ya pili kila Alfajiri, tukapatana naye ujira, tukaandikiana, kazi ikaanza.

Siku ya nne safu mbili za chini zilikuwa zimekwisha kubandikwa, na ndipo maneno yalipoanza. Waliokwenda kutawadha kwa ajili ya swala ya Ijumaa waliona kuwa koki zinapanda. Ya kwanza, upande wa mlangoni, ilikuwa sentimita 5 juu ya ungio la vigae. Ya mwisho, upande wa tangi, ilikuwa karibu sentimita 8. Macho yakifuata ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, koki zilionekana kama watu wanaopanda kilima. Wapo waliosema kuwa aliyekosea ni fundi bomba, lakini wengi walimlaumu fundi vigae. Mmoja alisema barazani, kwa sauti ya kusikika, kwamba fedha ya Mwenyezi Mungu imeliwa. Nasi wa kamati, badala ya kumzuia msemaji, tulinyamaza. Kunyamaza kwetu ndiko kulikomuumiza fundi kuliko maneno yale.

Twaeleza kisa hiki kirefu kwa sababu karibu kila nyumba ya Kiislamu katika miji yetu leo inajenga, inapaka au inabandika vigae, iwe jikoni, bafuni au barazani, na lililotupata sisi laweza kumpata yeyote. Aghalabu lawama humwangukia fundi. Chombo alichopimia hakuna anayekiuliza.

Jumamosi asubuhi alikuja mzee mmoja, fundi wa zamani aliyekwisha acha kazi, amebeba mfuko wa kitambaa. Alitoa salamu, akamwamkua kila aliyekuwapo, akakaa. Kisha akauliza, "Wanangu, pima maji iliyotumika ni ya nani?" Tukatazamana. Pima maji ile ilikuwa yetu. Fundi alituambia mwanzoni kwamba yake imeibwa, akaomba tumnunulie ya sentimita 120. Nasi, kwa kutaka kubana matumizi, tukanunua ya sentimita 60, ya bei rahisi, kwa muuzaji wa kupita njiani, wala hatukuijaribu. Tuliitazama rangi yake tu. Ilikuwa ya manjano, inang'aa.

Mzee aliiweka juu ya benchi la saruji barazani, akachora kwa kalamu ncha zake mbili, akatuonyesha kiputo cha hewa kilivyokaa: kimeegemea kidogo upande wa kibla. Akaigeuza, ncha iliyokuwa kulia ikaja kushoto, akairudisha ndani ya alama zile zile. Kiputo kikaegemea upande wa pili, mbali na kibla. "Benchi halikuondoka mahali pake," akasema. "Maji nayo hayasemi uongo. Aliyesema uongo ni huyu aliyeyabeba."

Jaribio hili latosha kwa kila mtu, na halihitaji meza iliyo sawa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Meza ikiwa imeinama na pima maji ni nzima, kiputo kitakwenda upande ule ule wa chumba mara zote mbili, kwa kadiri ile ile, kwa kuwa ni meza ndiyo iliyoinama na meza haikugeuzwa. Kiputo kikigeuka pamoja na chombo, basi kosa limo ndani ya chombo. Yaweza kufanyika juu ya kaunta ya duka, juu ya sakafu, hata juu ya jiwe lililonyooka, na haichukui dakika moja. Muuzaji asiyekubali uigeuze pima maji yake mbele yake, mshukuru, uende duka la pili.

Kwa kipimo cha wima, yaani kile kichupa kinachotazamwa chombo kinaposimamishwa ukutani, kazi ni hiyo hiyo. Isimamishe pima maji penye alama, soma kiputo, kisha izungushe ili ubavu uliokuwa nje uguse ukuta, ncha ya juu ibaki juu, usome tena. Wapo wanaojaribu kichupa cha kulala wakakisahau hiki, na kuta za bafu huharibika zaidi kwa hiki, kwani kigae kilichoinamia mbele huonekana vibaya kila taa inapowashwa.

Tulipoipima sawasawa, pima maji yetu ilikosea milimita 3 kwa kila mita. Mtu atasema, milimita 3 ni nini? Katika kigae kimoja si kitu. Lakini fundi alianza mlangoni, akatia alama, akaweka chombo kwenye alama, akatia nyingine mbele yake, akaendelea hivyo. Chombo cha sentimita 60 huwekwa mara 15 ili kumaliza mita 9, na kila mara kilishuka kwa karibu milimita 2 kasoro kidogo, daima upande mmoja. Alipofika kwenye tangi alikuwa ameshuka milimita 27. Kisha akavuta uzi kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho, akaona alama zote zimelala juu ya uzi, akaridhika. Alikuwa na haki ya kuridhika na unyofu, maana uzi hupima unyofu. Usawa haupimi. Mstari ulionyooka kabisa waweza kuwa umeinama kabisa.

Hapa pana faida kwa mafundi, nayo mzee aliitoa bila kuulizwa. Ukiwa na pima maji usiyoiamini na huna nyingine, igeuze kila unapoisogeza: hatua hii ncha nyekundu mbele, hatua ijayo ncha nyekundu nyuma. Kosa litashusha hatua moja na kupandisha inayofuata, na mwisho wa ukuta utakuwa karibu sana na ukweli. Lakini yeye mwenyewe hafanyi hivyo kwa masafa marefu. Alifungua mfuko wake, akatoa mpira.

Ulikuwa mpira mwembamba wa kupitisha nuru, urefu wa mita 15 hivi, na maji ndani yake. Kwa kuta ndefu hakuna chombo cha gharama ndogo kinachoushinda. Maji yakiwa katika mpira mmoja ulio wazi ncha zote mbili, yatasimama kwa kimo kimoja pande zote, hata kama katikati mpira umepita chini ya mlango au umezunguka nguzo. Shika ncha moja kwenye alama ya mlangoni, mwenzio ashike nyingine kwenye tangi, subirini maji yatulie, tia alama. Hakuna hatua 15, ipo moja tu.

Nao una masharti yake. Usiwe na kiputo hata kimoja ndani. Kikiwapo, uinue mpira na kuugongagonga mpaka kitoke. Msizibe ncha kwa kidole wakati wa kusoma. Usiuache nusu juani na nusu kivulini, kwani maji ya moto hutanuka na yatasimama juu kidogo kuliko ya baridi, na jua la Tanga halina masihara. Kabla ya kuanza, ziwekeni ncha zote mbili pamoja, ubavu kwa ubavu: maji yakiwa kimo kimoja, anzeni, yakitofautiana, mna hewa au mpira umekunjika mahali. Tone la wino ndani ya maji husaidia macho ya watu wazima.

Mpira ule ulitutoa shaka. Ulionyesha kwamba koki zote 10 zilikuwa sawa, na fundi bomba hakuwa na kosa. Vigae ndivyo vilivyoshuka. Na tulikwisha kujua kwa nini.

Kisha mzee akatoa timazi, jiwe la shaba lililofungwa uzi, akaining'iniza kutoka juu ya ukuta na kupima nafasi kati ya uzi na lipu juu, katikati na chini. Timazi haina kichupa cha kuharibika wala gundi ya kuachia. Adui wake ni upepo, nasi tuko pwani. Kusi ikivuma uzi haukai. Dawa yake ni kulitumbukiza jiwe ndani ya kopo la maji lisiguse kando wala chini, maji hulituliza. Tukagundua kwamba lipu yenyewe ilikuwa na tumbo katikati, na hapo kigae hakiwezi kukaa vizuri hata kwa chombo cha dhahabu. Kabla ya vigae, ukuta ulazwe ubao wa aluminiamu wa mita 2, na nuru isionekane chini yake zaidi ya milimita 3 hivi. Na ubao wenyewe nao huchunguzwa: chora mstari kandokando yake, ugeuze, chora tena juu ya mstari ule. Mistari ikiachana katikati, ubao umepinda, na uwazi unaouona ni kosa mara mbili.

Kuhusu pembe, guni la mbao au la chuma hujaribiwa vivyo hivyo kwa kuligeuza. Asiye na guni apime sentimita 60 upande mmoja wa kona na 80 upande wa pili. Kati ya ncha hizo mbili pakiwa sentimita 100 barabara, kona ni ya haki.

Jambo jingine lililotupita ni sakafu. Wengi huanza safu ya kwanza juu ya sakafu, wakidhani sakafu iko sawa. Sakafu ya mahali pa udhu haipaswi kuwa sawa. Imetiwa mteremko makusudi ili maji yaliyotumika yaende kwenye mfereji, yasituame miguuni mwa wanaotawadha. Basi haifai kuwa shahidi. Fundi mwangalifu hutafuta mahali palipo chini kuliko pote, hupima kimo cha kigae kimoja kutoka hapo, hupigilia ubao ulio sawa ukutani kwa kimo hicho, na huanza safu ya pili juu ya ubao. Vigae vya safu ya chini hukatwa mwisho, kila kimoja kwa kipimo cha mahali pake. Fundi wetu alitaka kufanya hivyo, na sisi, kwa haraka ya Ramadhani, tukamwambia aanzie chini. Hili nalo tumelikiri.

Siku hizi madukani pana klipu na kabari za plastiki zinazoshikilia vigae jirani visipishane nyuso. Ni vifaa vizuri kwa vigae vikubwa, lakini visichukuliwe kuwa pima maji: vinasawazisha uso wa kigae na jirani yake tu. Ukuta mzima waweza kuinama huku kila kigae kikiwa bega kwa bega na mwenzake. Pana pia pima maji za leza zinazochora mstari mwekundu au wa kijani ukutani. Zinaharakisha kazi ndani ya nyumba. Nje, juani, mstari hauonekani. Ndani yake mna uzito mdogo unaoning'inia, nao huvurugika chombo kikianguka au kikipakiwa kwenye bodaboda bila kufungwa kufuli lake. Mwenye leza na awe na mpira pia: apige mstari, kisha auhakiki kwa maji mwanzo na mwisho wa ukuta.

Elimu hii si ngeni kwetu. Aliyetembelea magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wetu, ameona msikiti uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na makaburi yenye vishimo ambamo wazee wa karne ya 14 na 15 walipachika bakuli za kaure kutoka mbali. Walipachika udongo uliochomwa ndani ya ukuta, na hiyo ndiyo kazi ya vigae. Katika karne ya 11 ya Miladi, mwanahesabu Muislamu al-Karaji aliandika kitabu juu ya kutoa maji yaliyofichika ardhini, na ndani yake akaeleza vyombo vya kupimia usawa wa ardhi, kwani mfereji wa chini kwa chini ukikosea mteremko haupitishi maji. Kichupa chenye kiputo kilikuja baadaye sana. Chanasibishwa na Mfaransa Melchisédech Thévenot, wa karne ya 17.

Turudi kwa ununuzi, kwa kuwa kosa letu lilianzia hapo. Kwa ukuta chagua pima maji ndefu, ya sentimita 100 au 120, na ndogo ya sentimita 30 kwa kigae kimoja kimoja. Tazama kwa jicho moja kandokando ya ubavu wake kama unavyotazama mbao. Ukiona umepinda, iache. Vichupa viwe vimekazwa, visicheze ukivigusa kwa kidole. Mistari ya kichupa iwe myembamba, na kiputo kikae katikati yake bila kubaki nafasi kubwa. Aghalabu pima maji nzuri huandikwa kiasi cha kosa lake. Nusu milimita kwa mita ni kipimo cha kazi ya kuaminika. Lakini maandishi si ushahidi, igeuze. Nyumbani usiiache juani ndani ya gari, na kila jioni ifutwe. Tembe moja ya saruji iliyokauka chini ya ncha yake huinua ncha hiyo, na chombo kizima kikawa kibovu bila kuvunjika.

Kwa akina mama, ambao mara nyingi ndio wanaoshinda nyumbani na fundi: si utovu wa adabu kumwomba fundi ajaribu chombo chake mbele yenu asubuhi ya siku ya kwanza. Mwambieni kwa upole, "Fundi, tuigeuze kwanza pima maji, tuanze kwa bismillahi." Fundi mwenye ujuzi atafurahi, kwa maana inamkinga yeye kabla ya kuwakinga nyinyi. Na kijana wa darasa la saba aweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe; tumewafundisha wa madrasa yetu, sasa wanageuza kila pima maji wanayoiona mtaani.

Palibaki suala la fedha na la haki. Vigae 72 vilikuwa ukutani. Katika kuvibandua, 31 vilitoka vizima. Baadhi ya waumini walitaka fundi alipe. Sisi hatukuona njia ya kumtoza mtu aliyefanya kazi kwa chombo tulichompa na kwa agizo tulilomwamuru. Wala hatukuona njia ya kurudi kwenye mfuko wa sadaka, kwa kuwa waliotoa walitoa kwa ajili ya ukuta mmoja, si miwili. Wajumbe wa kamati tulichanga wenyewe. Muuzaji hatukumpata tena. Sheria yetu humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichika, na Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu, lakini sisi tulikuwa na kaunta, na mikono miwili, na dakika moja, na hatukuitumia.

La fundi lilikuwa zito zaidi. Tumesoma vyuoni na kufundisha darsani juu ya Sura ya Al-Hujurat, inayoamrisha kuhakikisha habari na kujiepusha na dhana, kisha habari ikaja barazani kwetu wenyewe tukaiacha ipite. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mwenyekiti wetu alisimama na pima maji ile mkononi, akaiweka juu ya meza ya kitabu cha michango, akaigeuza mbele ya watu wote, akaeleza ni nani aliyeinunua. Kisha akamwomba fundi radhi kwa jina lake. Fundi alikuwa ameinama. Alisema maneno machache tu: kwamba naye alipaswa kuigeuza kabla ya kuitumia, na kwamba kazi itaendelea kesho, insha Allah, akipata ya sentimita 120. Yule aliyesema kuhusu fedha kuliwa alimfuata nje. Waliyozungumza hatuyajui, ila Jumamosi tulimwona akikoroga saruji.

Ukuta ulikamilika siku mbili kabla ya mwandamo. Koki ya kwanza na ya kumi zote ziko sentimita 5 juu ya ungio. Vigae vya ziada vilivyobaki vizima vimewekwa kizingitini pa madrasa. Pima maji ya zamani imo kabatini ofisini, imefungwa kitambaa chekundu, na katika daftari la vifaa imeandikwa kwamba haiazimwi ila kwa kufundishia.